Hodi ya Bwana Mifugo

Siku bomba la maji machafu lilipoziba nyuma ya kibanda changu cha ushonaji pale Iringo, Musoma mjini, bwana mifugo alikuja na mkoba wake, akapiga magoti kwenye tope, akainama mpaka mdomo ukakaribia tundu, akasema, "Hodi." Akatulia kidogo. Ndipo akaingiza waya wake wa kamera.

Nilicheka mpaka pini nilizokuwa nimezibana kwa midomo zikadondoka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye simu, ambako tumbo lote la lile bomba lilionekana, na utelezi wake, na mbele kabisa kichwa cha samaki, sato, kikitukodolea macho. Mama wa mgahawa wa jirani alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba yeye hatupagi kitu humo. Alipooneshwa kile kichwa aliingia ndani, akatuletea chai.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, ingawa sivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Tulimwita bwana mifugo hata baada ya kustaafu, kwa sababu kazi hiyo ya kutibu mifugo alikuwa ameifanya miaka mingi vijijini, Butiama kwao na Mugeta kule Bunda, na watu hawakumruhusu kuiacha. Alihamia Musoma mjini na mkewe ili huyo mkewe awe karibu na hospitali, wakapanga nyumba iliyopakana na kibanda changu. Ile kamera ya waya alinunuliwa na binti yake, Bhoke, anayefanya kazi Mwanza. Ni kitu kidogo tu: waya mrefu mwembamba, kichwani pana kijicho cha ukubwa wa punje ya mahindi kilichozungukwa na vitaa, na mwisho wake unachomeka kwenye simu. Bhoke alitaka baba yake asihangaike tena kutafuta kupe ndani ya masikio ya ng'ombe kwa macho yaliyochoka. Baba alianza na masikio ya ng'ombe, akaishia kwenye kila tundu la Musoma.

"Nilikuwaga nakisia," aliniambia. "Naingiza mkono kwenye koo la ng'ombe, nakisia. Na ng'ombe mwenyewe anakisia kama nitamuua. Sasa hivi tunaona wote."

Nimemwona akiingiza ule waya kwenye kihenge cha mahindi cha mjane mmoja, kutazama kama wadudu wameanza kula chini, bila kukibomoa. Nimemwona kwenye dari ya kanisa letu, ambako kwaya ilikuwa inasikia mikwaruzo katikati ya mazoezi. Walikuwa popo, na walikuwa wamejipanga vizuri kuliko sisi waimbaji. Aliutumbukiza ndani ya injini ya boti iliyomshinda fundi pale mwaloni, boti za wavuvi zinapofikia. Aliipata pete ya ndoa ya mtu nyuma ya kabati la jikoni, na kipande cha sindano kilichozama ndani ya cherehani yangu, ambacho kilikuwa kimenikosesha raha kwa siku kadhaa.

Alikuwa na kamera nyingine ndogo, mfano wa kiberiti, ya kubandika ukutani, iliyotuma picha kwenye simu popote palipo na mtandao. Hiyo aliwaazima wenye ng'ombe wanaokaribia kuzaa. Muuza dagaa mmoja aliweza kukaa sokoni na dagaa zake huku akimwangalia mtamba wake zizini, akajua saa ya kukimbilia nyumbani. Ndama alikuwa anakuja kwa miguu ya nyuma, na alipona kwa sababu watu walifika mapema.

Lakini hakuna tundu lililochunguliwa bila hodi. Bomba, mzinga wa nyuki, kihenge, sikio la ng'ombe, vyote vilibishiwa. Wengi waliona ni mbwembwe za mzee. Mimi nilimuuliza.

"Kwetu Butiama," akasema, "hauingii kwenye zizi la mtu kimyakimya. Unasimama mlangoni, unatoa sauti, ng'ombe wanageuka wanakuona. Ukiingia kimya watashtuka, watakukanyaga, na watakuwa wamefanya vizuri."

"Bomba halishtuki, mzee wangu."

"Bomba halishtuki. Ni mimi sitaki kuzoea."

Maana yake niliipata siku alipokuja mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mwanamke ninayemheshimu sana kwa sababu nusu ya kazi zangu zinatoka kwake. Alitaka ile kamera ya kiberiti ifichwe ndani ya saa ya ukutani, chumbani kwa binti wake wa kazi.

"Nataka nijue anafanyaga nini mimi nikiwa dukani."

"Muulize," akasema bwana mifugo.

"Atanidanganya."

"Basi utakuwa umedanganywa, mama. Hiyo inapona. Na yeye akigundua kwamba ulikuwa unamwangalia akilala, utamponya na nini?"

Mama aliondoka amenuna, na mimi nikamnunia bwana mifugo, maana niliona kazi zangu zinaondoka naye. Baada ya muda mama yule alirudi mwenyewe. Kamera ilifungwa sebuleni, mahali pa wazi, ikielekea kwenye kitanda cha mtoto mchanga, na binti wa kazi ndiye aliyeshikilia stuli wakati mzee anapanda kuifunga. Baadaye tulisikia kwamba binti huyo akiona taa ya kamera inawaka huwa anaipungia mkono.

Msidhani ninawachorea mtakatifu. Alikuwa mpole kwa ng'ombe na mkali kwa watu, hasa wanaochelewa. Aliugombeza mtandao wa simu kwa sauti kubwa, akiuita mvivu na kuutisha kwamba atauhama. Sukari aliificha kwenye kabati la dawa za mifugo, akijua hakuna mgeni atakayethubutu kufungua humo. Miwani yangu aliiazima, akakaa nayo mwezi mzima, halafu akairudisha akilalamika kwamba haimfai. Na huyo aliyetazama matumbo ya kila kitu hakutaka kabisa kupigwa picha. Harusini alisimama nyuma ya nguzo ya turubai. Katika picha ya kwaya yetu ya mwaka mmoja kuna kiwiko chake tu, nacho kinaonekana kinaondoka.

"Wewe ni mmbeya," nilimwambia. "Mmbeya wa vitu."

"Vitu havina aibu," akanijibu, akicheka mpaka kifua kikamkaba.

Mkewe tulimwita bibi. Alikuwa mtu wa kukaribisha, na hakuwa na mzaha katika hilo. Hukuweza kupita mlangoni kwake bila kukalishwa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, alichotoka nacho Butiama, ambacho alikifuta kwanza kwa ncha ya kanga hata kama kilikuwa safi. Mgeni aliyeondoka bila kukaa alimuumiza moyo siku nzima. Nimewahi kumkuta akimlaumu mchungaji wa kanisa letu kwa kusalimia akiwa amesimama.

Kisha akaanza kusahau. Chumvi iliingia kwenye mboga mara mbili, halafu jina langu likapotea, halafu akawa anauliza Bhoke ametoka shule saa ngapi. Daktari alisema ni maradhi ya uzee na kwamba hayarudi nyuma. Akaanza kutoka nje kwenda kwao, kwa wazazi waliokwisha kufa zamani, na vijana wa bodaboda wakawa wanamrudisha kwa upole.

Bhoke alisema mlango ufungwe kwa kufuli baba akitoka. Bwana mifugo alikataa.

"Nimefungia ndama maisha yangu yote," akasema. "Mke wangu simfungii."

Ndipo kamera ya kiberiti ikahamia sebuleni kwao. Nilikuwapo siku hiyo. Kabla ya kuifunga alimwekea mkewe kiganjani.

"Mama Bhoke, hiki ni kijicho changu. Nikiwa mbali nitakuona humu."

Bibi akakigeuzageuza. "Kidogo hivi? Kinakulaga nini?"

Kikawekwa kwenye rafu juu ya redio. Kilikuwa na taa nyekundu iliyowaka mtu akifungua kutazama, na spika ya kusemea. Bwana mifugo hakuwahi kutazama moja kwa moja. Alifungua simu, akafunika kioo kwa kiganja, akasema, "Hodi, Mama Bhoke." Akasubiri na kiganja chake pale pale. Bibi akishajibu "Karibu," ndipo alipoondoa mkono. Asipojibu, hakutazama. Alinipigia mimi, nami niliacha suruali za watu nikaenda kuona.

Mara nyingine nilikuwa ndani na bibi, nikaisikia ile sauti ikitoka kwenye rafu. Bibi alijifuta midomo, akajiweka sawa kanga, akajibu. Mimi nimeolewa na nimeachika, na sioni haya kusema kwamba nililia nilipoona vile. Sikuwahi kubishiwa hodi namna hiyo hata na mtu aliyelala kitanda kimoja na mimi.

Siku moja aliitwa Mugeta. Ng'ombe alikuwa amekwamwa na kiazi kooni na mfugaji alikuwa karibu kulia kwenye simu. Bwana mifugo aliondoka asubuhi na mkoba wake. Mchana niliingia kwao, nikamkuta bibi amekula, ametulia, anachambua maharage kwenye ungo. Nikarudi kwenye cherehani. Alasiri simu yangu ikaita.

"Fundi, nenda nyumbani. Acha kila kitu, nenda."

Nilikuta mlango uko wazi. Ungo wa maharage ulikuwa mezani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, na sauti yake ilikuwa inatoka kwenye rafu, ndani ya chumba kisicho na mtu: "Fundi? Yupo? Niambie yupo."

Hakuwapo, wala kigoda chake hakikuwapo.

Bwana mifugo alikuwa amepiga hodi kama kawaida, kiganja juu ya kioo, na bibi akajibu karibu kama kawaida. Alipoondoa mkono akamwona mkewe anasimama, anajifunga kanga vizuri, anakifuta kigoda, anakwenda mlangoni nacho. Siku hiyo bibi hakuikumbuka kamera. Alichokumbuka ni kwamba mtu amepiga hodi, na mgeni hakaribishwi kwa mdomo tu. Nje hakukuwa na mtu. Basi mgeni amekata tamaa, anaondoka bila kukaa. Akamfuata. Bwana mifugo alipiga kelele, "Mama Bhoke, ni mimi! Rudi!" lakini sauti ile ilibaki sebuleni, na bibi alikuwa ameshafika barabarani.

Kwetu Iringo ziwa haliko mbali. Sitaki kueleza sana nilivyojisikia saa ile. Mama wa mgahawa aliacha sufuria zake jikoni, vijana wa bodaboda wakagawana njia, na mimi nikashuka kuelekea majini nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha sala.

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa mwaloni ndio walionionesha. Bibi alikuwa ameketi chini kwenye mchanga uliolowa, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Kigoda kilikuwa kando yake, kikavu, hakina mtu.

"Mgeni hataki kukaa," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imejaa aibu. "Namwambia karibu, anaenda tu. Ameingia huko." Akanionesha ziwa.

Sikujua la kufanya jingine. "Ni mimi mgeni, bibi," nikasema, nikakaa kwenye kigoda.

Akanitazama kwa muda mrefu, uso ukalainika. "Mbona umechelewa?"

"Njia ilikuwa mbaya. Sasa nimefika. Twende nyumbani."

Tulipofika kwa mwendo wa polepole, bwana mifugo alikuwa anashuka kwenye pikipiki iliyomleta kutoka Bunda, vumbi tupu, mkono mmoja bado una harufu ya koo la ng'ombe mpaka begani. Aliteka maji, akapiga magoti, akamwosha mkewe miguu. Ng'ombe wa Mugeta alipona. Alinieleza siku nyingine, baada ya mimi kuuliza, na alieleza bila furaha.

Bhoke alikuja kesho yake, macho yamevimba.

"Baba, hiyo hodi ndiyo iliyomtoa nje. Tunaweka kitasa cha juu, na wewe unaangalia kimya."

"Nimchungulie mama yako?"

"Umlinde, baba."

"Akiwa anavaa nguo? Akiwa analia?"

"Angekufa majini."

Bwana mifugo aliitoa simu yake mfukoni. Nilidhani atakasirika, kwa sababu kwa kawaida alikasirika akishindwa. Halafu akabonyeza mwenyewe, akaizima ile sauti. "Nimeelewa," akasema.

Tangu hapo alitazama kimya, kama alivyotakiwa. Alikuja kukaa kibandani kwangu, akingoja kazi za karibu, nyakati ambazo zamani angekuwa safarini, akavua kofia, akaiweka gotini, akafunika kioo kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko zamani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anapiga hodi bila sauti, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, hakujua saa ya kuondoa mkono. Niliinamia kitambaa changu ili asijue kwamba nimeona.

Siku moja alifunga simu ghafla.

"Fundi," akasema, "mke wangu amekaa anaongea na kiti changu."

"Anasemaje?"

"Anakiambia mume wake ni mtu wa safari. Eti anajuaga ng'ombe wote wa Bunda, ila yeye hamjui." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia. Sikutakiwa nisikie vile. Alikuwa anakiambia kiti."

Nilitaka kumwambia kwamba ni ugonjwa unaoongea. Lakini sikuamini hivyo, na yeye asingeamini. Tangu siku ile mkoba haukutoka tena. Watu wa Mugeta walipiga simu, akawaelekeza kwa mdomo. Wa Butiama walikuja na gari mpaka mlangoni, wakarudi bila yeye. Kamera ya kiberiti aliibandua kwenye rafu akaitia kwenye droo, kwa sababu sasa alikuwa anakaa kwenye kile kiti mwenyewe, na bibi akiongea nacho alikuwapo wa kujibu. Ulikuwa muda mfupi tu. Bibi alifariki kabla ya mvua za vuli, mkono wake mmoja ukiwa umeshikwa.

Baada ya maziko mzee alibaki Butiama. Nyumba ya hapa Iringo ikapangishwa kwa watu wanaopiga muziki mchana kutwa.

Nilimwona mara ya mwisho nilipopeleka sare za shule huko Butiama. Nilipiga hodi kwa sauti yangu yote, kwa kuwa nilijua ninabisha kwa nani. Alikuwa amekaa sebuleni, miguu imekufa ganzi, blanketi magotini, shati wazi kifuani kwa ajili ya joto. Mpwa wake alikuwa nje anapepeta mtama. Kile kigoda kilikuwa karibu yake. Alikifuta kwa ncha ya blanketi kabla sijakaa.

"Bomba lako linapumua?" akaniuliza.

"Linapumua. Mama wa mgahawa siku hizi anaogopa hata maganda ya vitunguu."

Akacheka kidogo, akaanza kunieleza habari za jirani yake anayewapa ng'ombe dawa ya minyoo kwa kukisia. Katikati ya maneno akainua kichwa. Nikafuata macho yake. Juu ya mlango wa chumbani ilikuwa imefungwa ile kamera ya kiberiti, na taa yake nyekundu ilikuwa imewaka. Tukasubiri. Hakuna sauti iliyotoka.

Bwana mifugo akaanza kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vizito na vifungo vidogo, lakini alivifunga vyote mpaka shingoni, akajivuta akakaa wima.

Mimi ninayo hasira ya karibu, na ilinipanda. "Mzee, ni Bhoke? Mbona hapigi hodi? Yeye anajua kabisa."

"Usimlaumu."

"Namlaumu. Angalau aseme neno."

"Alikuwaga anapiga, mwanzoni," akasema. "Mimi nikawa nainuka kwenda kufungua mlango. Nimeanguka hapo." Akaonesha sakafu karibu na kizingiti, kisha akakunjua mikono ikalala juu ya blanketi. "Ameacha juzijuzi. Najua ilivyomuuma kuacha."

Akageuza uso, mzee yule aliyejificha nyuma ya nguzo za maturubai, akaitazama ile taa.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Taa iliendelea kuwaka, naye hakugeuza uso mpaka ilipozimika.